Namba Tisa Anashika Sikio

Tangu saa nane na nusu mchana Ndinda alikuwa ameshika nguzo ya antena nyuma ya hoteli ya shemeji yake Mbuvi, na hakuwa na ruhusa ya kuiachilia. Waya wa kuisimamisha ulikatwa na upepo wa Julai, na tangu siku hiyo ikajulikana mji mzima wa Kabati kwamba bila mkono wa Ndinda, mama Kalondu, televisheni ya Mbuvi ni sanduku la chengachenga tu.

"Mkono wake una baraka," Mbuvi aliwaambia wateja. "Nimejaribu mimi, amejaribu Kiilu fundi wa baiskeli, wapi! Akishika shemeji, watu wanatokea hata meno."

Ndinda hakuwahi kubishana naye. Televisheni yenyewe ilinunuliwa na marehemu mumewe, lakini ukuta, mabati na kile chumba alicholala kando ya jiko vilikuwa vya Mbuvi. Kwao Ikutha kaka zake walikuwa wameoa wakalijaza boma, na mjane anayerudi na sanduku lake kichwani huulizwa maswali kwa macho kabla hajapewa uji. Kwa hivyo siku za wiki alipika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na chapati, Jumapili akaimba kanisani, na Jumamosi mchana akashika nguzo.

Jumamosi hii, lakini, ilikuwa na lake. Ndani ya Biblia yake kulikuwa na barua ya Kalondu, binti yake wa pekee, aliyekuwa akisomea ualimu chuoni. Mwaka mmoja na miezi minne walikuwa hawajaonana.

"Mwaitu," binti aliandika, kwani hata kwenye barua ya Kiswahili hakujua kumwita mama yake vingine, "tumeingia fainali ya voliboli ya vyuo. Jumamosi saa tisa tutaonyeshwa kwa televisheni. Mimi ni namba tisa. Nikishika sikio la kushoto, jua ni wewe ninayekusalimu. Usikose."

Alhamisi Ndinda alimwendea Mbuvi na, bila kutaja barua, akamwambia, "Shemeji, Jumamosi hii moja tu, nataka kuketi ndani."

Mbuvi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hii? Si hii ndiyo siku ya Bwana Ndululu!"

Bwana Ndululu alikuwa mtu wa matangazo wa kampuni moja ya sabuni. Wakubwa wake walitaka kujua kama michezo ya vyuo inatazamwa na wanafunzi peke yao, ama hata mkulima na mama wa sokoni wanaiketia. Kama ni wanafunzi tu, hakuna faida kuweka tangazo pale. Kama ni watu wote, sabuni itaingizwa katikati ya kila mchezo, na mahali panapokusanya vichwa mia moja patapewa televisheni mpya. Mbuvi alikuwa ametangaza hadi Kanyangi.

"Picha ikipotea siku hiyo, watu watatawanyika," alisema, kwa sauti ya upole kama mtu anayembembeleza mtoto. "Na wakitawanyika, shemeji, kile chumba nitakuwa nakuwekea cha nini?"

Basi Ndinda akashika. Jua lilimkalia utosini, kutu ikamkwaruza viganja. Dirisha la upande ule lilikuwa juu, limezibwa na migongo ya wanaume. Akamkumbuka Musa, siku mikono yake ilipokuwa mizito vitani, Haruni na Huri wakaja kumtegemeza, mmoja upande huu na mmoja upande huu. Ndinda alitazama upande huu, akaona kuku. Akatazama upande huu, akaona sufuria.

Ndani kelele zilipanda.

"Piga! Piga! Aaah!"

"Wasichana wanaruka kama swala, jamani."

"Huyo namba tisa ni wa wapi? Ana mkono mzito! Siku akiolewa, bwana yake atakuwa akilala jikoni!"

Wakacheka, na Ndinda naye akajikuta anatabasamu peke yake kule nyuma. Kisha mwingine akauliza, "Lakini mbona anashikashika sikio?"

"Viroboto wa bwenini hao!"

Ndinda aliufumba mkono wake kwenye chuma. Mungu anamwona, akajiambia, hiyo inatosha. Baada ya muda mfupi wakacheka tena, "Sikio! Sikio!" Akasema tena kwamba inatosha, ila safari hii alilazimika kulisema kwa sauti. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Sauti ya mwanamke ikasema polepole, "Ameshika tena. Na anaangalia hapa hapa, kama mtu anayetafuta mtu."

Ndinda akaiachilia nguzo. Hakuwa na hasira. Vidole tu vilifunguka, kimoja baada ya kingine, na nguzo ikainama ikalalia ukuta.

"Aaaa! Mbuvi! Picha!"

Alifuta mikono kwenye leso, akapita jikoni, akaingia kwa mlango wa ndani. Chumba kile alikuwa akikifagia kila asubuhi, lakini hakuwahi kukiona kikiwa kimejaa. Kioo kilikuwa cheupe kwa chengachenga. Mzee mmoja wa benchi la mbele alisogea bila kuulizwa, na Ndinda akaketi.

"Shemeji!" Mbuvi akapiga ukelele. "Nani ameshika?"

"Hakuna."

"Rudi basi, upesi!"

"Namba tisa ni Kalondu," Ndinda alisema. "Lile sikio ananishikia mimi."

Watu wakageuka kumtazama. Kisha Kiilu fundi wa baiskeli akasema, "Basi Mbuvi, nenda wewe."

"Mkono wangu haufai, si mnajua..."

"Nenda! Tumelipa kiingilio!"

Bwana Ndululu aliinua kalamu kutoka kwenye daftari lake. "Bwana Mbuvi, wakitoka sitawahesabu."

Mbuvi akatoka mbio. Kioo kikatetemeka, mistari ikapita, halafu wasichana wakatokea, wazi, hata meno.

"Kumbe mkono wa Mbuvi pia una baraka," mtu akasema.

"Wewe Kiilu, si na wewe ulijaribu ukashindwa?"

"Mimi? Hiyo nguzo sijaigusa tangu nizaliwe."

Ndinda aliyasikia hayo, akayaweka kando. Ilikuwa kumi na nne kwa kumi na tatu, chuo cha Kalondu kikiwa nyuma. Namba tisa akaruka, akapiga, mpira ukatua nje ya mstari. Mchezo ukaisha hivyo. Kamera ikapita polepole mbele ya walioshindwa. Kalondu alikuwa amekonda, uso mrefu kama wa baba yake, mikono kiunoni. Sasa hakushika sikio. Alikuwa amechoka kutafuta.

Mbele ya watu wote Ndinda akashika lake, la kushoto, akalishikilia hadi kamera ikahamia kwa wenye kikombe.

Kutoka nyuma ya nyumba Mbuvi akaita, "Imetosha? Niachilie?"

"Shika hapo hapo!" chumba kizima kikamjibu.

Hesabu ya Ndululu ilifika watu mia na ishirini na saba. Walipokwisha kutawanyika, Mbuvi aliingia jikoni, viganja vyekundu kwa kutu.

"Umeniaibisha, shemeji."

"Nimemwona mtoto."

"Jumamosi ijayo ni mpira wa wavulana. Ndululu atakuja na wakubwa wake." Akasita. "Utashika?"

Ndinda alitazama mlango wa chumba chake, ile kofuli ndogo ambayo ufunguo wake wa pili ulikuwa mfukoni mwa Mbuvi. Akaifikiria njia ya Ikutha.

"Nitashika. Chumba ni chako," alisema. "Lakini wasichana wakirudi kwenye televisheni, shemeji, utashika wewe. Mkono wako tumeuona."

Mbuvi alinawa mikono, akaenda zake.

Muthokoi ilikuwa imeungua chini ya sufuria. Ndinda aliikoroga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado sikioni.