Benchi la Nne

Jumapili asubuhi, kabla kengele ya pili haijalia, mashemasi walikuwa wakibananisha watu kwenye mabenchi. "Sogeeni, ndugu zangu, sogeeni." Benchi la nne hawakuligusa. Hapo, kando ya Mama Pasi, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na nafasi hiyo ilikuwa na joto.

Mama Pasi alikuwa amepiga pasi nguo za watu miaka ishirini, kwa hiyo mambo ya joto hakuhitaji kufundishwa na mtu. Aligusa ubao kwa mgongo wa mkono, akajua: hili si jua la dirishani, ni joto la mtu aliyekaa. Lilikuwa la binti yake, aliyeondoka na sanduku moja miaka mitatu iliyopita, baada ya wazee wa kanisa kumtenga kwa kubeba mimba bila ndoa. Aliyempa mimba hiyo anaimba besi kwenye kwaya mpaka leo, na tumpe haki yake, anaimba vizuri.

Mwanzoni mgeni mmoja alikaa pale, akainuka upesi na kusema, "Samahani, dada." Baadaye watu walizoea. Wakati wa ushuhuda wengine walishukuru kwa viza na magari. Mama Pasi alisimama akasema, "Bwana asifiwe. Leo amekuja mapema." Watu wakaitikia "Amina" na ibada ikaendelea.

Lakini kila sinia la meza ya Bwana lilipofika, mzee wa kanisa alilipitisha juu ya nafasi ile.

"Mzee, si unaona yupo?"

"Naona, mama. Ila hajatubu mbele ya watu. Utaratibu ni utaratibu."

Jumapili hii Mama Pasi aligusa benchi akakuta na joto la pili, dogo, la kuenea kiganjani. Punde benchi la mbele likaanza kupigwa mateke madogo madogo. Aliyelikalia akageuka, akatabasamu, akarudi kwenye kitabu chake cha nyimbo. Mama Pasi akakiacha kiganja palepale. Kumbe binti yake alijifungua salama. Kumbe mtoto ameshaanza na utundu! Wa kike au wa kiume, hakujua. Jina lake hakulijua, wala hakuwa na wa kumwuliza.

Shemasi aliona, akasogeza watu nafasi ipanuke. Mzee wa kanisa alipofika na sinia alipima kwa macho, kisha akanyoosha mkono zaidi, maana sasa wa kurukwa walikuwa wawili. Kwaya ikaimba. Besi ikashuka taratibu, na yale mateke yakafuata mapigo yake bila kukosea.

Ibada ikaisha, watu wakatoka. Shemasi akasimama mlangoni na funguo.

"Mama, nataka kufunga."

"Nisubiri kidogo, mwanangu," alisema, kiganja chake kikiwa pale padogo. "Hapajapoa bado."