Ubavu wa Bi Nungunungu

Katika milki ya Mfalme Kiboko palikuwa na mtaa wa kale ulioitwa Mbavuni, na jina hilo halikuwa la bure. Nyumba za hapo ziliegemeana. Aliyetaka kujenga alimwendea jirani, akasema, "Naomba ubavu." Jirani akiridhia hujibu, "Egemea," na boriti za mjenzi hulazwa ndani ya ukuta wa jirani. Na ukiukana ubavu wa mtu mbele ya watu, mwenye ukuta yuko huru kuuondoa, asiulizwe. Hata ikulu ilijengwa hivyo. Babu yake Mfalme, enzi hizo hana hata kigoda, alimwomba ubavu babu yake Bi Nungunungu, akapewa.

Basi mjukuu, ndiye Mfalme Kiboko, akalelewa ng'ambo ya mto, akarudi na dharau tele na lugha nusu. Akaunda Kamati ya Kuhifadhi Mbavuni. Kamati ilikula, ikashiba, ikaamua kwamba njia bora ya kuuhifadhi mtaa ni kuubomoa, ijengwe hoteli ya wageni, na picha za mtaa zitundikwe ukutani. Wajumbe wakapiga makofi. Mpaka leo sijui walikuwa wanapigia nini.

Wa kwanza kugoma alikuwa mume wa Bi Nungunungu. Alikaa kwenye kibaraza cha nyumba yake, akasema hang'oki. Askari wakakivunja kibaraza naye akiwa juu yake, na hakuinuka tena. Mfalme alituma rambirambi, na tarishi yuleyule aliyezileta akatoa amri ya kuhama. Mjane wa watu hata kufuta machozi hakuachwa.

Bi Nungunungu hakulia mbele ya tarishi. Alijitanda kanga, akaenda moja kwa moja kwenye Baraza la Mfalme.

"Mfalme wangu," alisema, "nina swali moja tu. Ubavu wangu bado unauhitaji?"

Waziri Korongo, mzaliwa wa Mbavuni, alielewa papo hapo. Akainamia sikio la bwana wake: "Mtukufu, mjibu kwa upole. Sema unauhitaji."

"Nimbembeleze huyu?" Mfalme alicheka mpaka tumbo likatikisika. Kwake yeye, ubavu ulikuwa nguvu za kupigana, basi. "Bibi, wewe huna ubavu. Kwangu mimi huna ubavu kabisa. Nyumba yako itabomolewa, na utaibomoa mwenyewe, kwa mikono yako, iwe fundisho kwa wenzako."

"Baraza limesikia kwamba sina ubavu?"

"Limesikia," alisema Mfalme.

Korongo akaaga, akidai ana mgonjwa nyumbani.

Asubuhi yake Mfalme aliandaa karamu ghorofani, yeye na kamati yake, wamtazame mjane akijibomolea. Bi Nungunungu alipitia kwanza jikoni kwa ikulu, akawaambia wapishi na watumishi waende makwao, nao wakaenda bila kuuliza, maana walikuwa watoto wa Mbavuni. Majirani wakaja na mitaimbo. Upande wa nyumba zao waliweka miti ya kuzishikilia. Upande wa ikulu hawakuweka kitu.

Bi Nungunungu alianzia pale zilipolala boriti za Mfalme. Kila jiwe alilolitoa, alimtaja mumewe. Dirishani juu, Mfalme alikuwa anampigia makofi.

Kisha sakafu ikainama. Sahani zikateleza, na kamati nzima ikasombwa upande mmoja na kumlalia Mfalme, na uzito wa kiboko mnaujua. Aling'ang'ania dirisha, akatoa maneno ambayo hajapata kuyatamka maishani mwake:

"Bi Nungunungu, naomba ubavu."

Wenzangu wasimulizi hapa wangemfanya mama amhurumie. Mimi siwezi, na nasema wazi kwamba nikifika hapa moyo wangu unapoa.

Bi Nungunungu alijifuta vumbi usoni, akamtazama bila haraka.

"Ulisema sina," akajibu, na akaling'oa jiwe la mwisho.

Kibaraza cha mumewe kimejengwa upya kwa mawe ya ikulu, na jioni Bi Nungunungu hukaa hapo akichambua mchele. Na wewe unayesoma haya ukiwa ghorofani, siku mama mmoja akija na swali moja tu, usicheke. Chungulia kwanza boriti zako zimelala kwenye ukuta wa nani.