Sala ya Domina Jukwaani

Domina, muuguzi, alijifunza kuigiza kila jioni kwa mwalimu Mmarekani aliyeamini kwamba kila mtaa unastahili jukwaa lake, kama kwao Chicago. Siku ya kwanza ya onyesho, pale mtaani kwao Lidcombe, alitamani jambo moja tu: wenzake wa kanisani wamwone. Sehemu yake ilikuwa kupiga magoti na kuomba huku akilia. Machozi yakamtoka kweli. Alipomaliza, safu nzima ya mbele, walipoketi wenzake hao, ikaitikia, "Amina!"

"Mliniona nilivyolia?" akawauliza nje.

"Tungekuonaje, dada, na macho tumefumba?" Chebet, mmoja wao, akacheka. "Si ulikuwa unaomba!"

Domina akashika kiuno. "Basi kesho mrudi. Nitaomba tena, nanyi mkodoe macho. Mungu nitamweleza mwenyewe."