Mlango Unasema Amechoka

"Miguu ya tambarare ile," Kinyozi alisema akimwonyeshea kidole mdogo wa Fundi, mkasi ungali mkononi kana kwamba kuna nywele za kukata hewani. "Tazama mapaja. Mpanda milima hana mapaja kama yale. Mpanda milima anatakiwa awe kama panzi."

"Na wewe umejua baiskeli tangu lini?" Fundi alimuuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu, akikaza spoku moja baada ya nyingine. "Yako ina kutu mpaka kwenye kengele."

"Kutu haijaingia machoni. Mlango huo hapo, usome."

Hilo ndilo lililomkera Fundi: mlango ulisomeka. Upande wa ndani wa mlango wa karakana yake, kwa miaka minane sasa, alikuwa akiandika kwa chaki muda aliotumia mdogo wake kuupanda Mlima wa Tangi, kilomita nne, kila aliporudi nyumbani. Watu walimwita Sindano tangu utotoni kwa wembamba wake, na jina likamfuata hadi kwenye timu ya kulipwa. Mwaka juzi aliupanda kwa dakika kumi na moja na sekunde hamsini. Mwaka huu hajapata hata siku moja chini ya kumi na mbili na nusu. Asubuhi hii: kumi na mbili na sekunde thelathini na nane. Fundi aliiandika kwa mkono mzito.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Mashindano ya siku saba yanaanza wiki ijayo, na siku ya tano inaishia kwenye kilele cha mlima wa kilomita kumi na tisa. Meneja wa timu angepiga simu saa kumi kamili kutaka jibu moja tu: Sindano aongoze timu mlimani, au aendelee kuwabebea wenzake chupa za maji kama alivyobeba miaka sita?

"Nitamwambia nabeba chupa," Sindano alisema. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, akimenya chungwa.

Fundi aliweka spana chini. "Si ulisema vipimo vya timu vinaonyesha umeimarika?"

"Vinaonyesha hivyo. Lakini ile ni mashine, dada. Leo inakusifu, kesho inataka betri. Mlango huu haujawahi kunidanganya. Unasema nimechoka."

"Umesikia?" Kinyozi alidakia. "Mwenyewe kakiri."

"Wewe nenda kanyoe watu!"

Baiskeli ya timu, pamoja na vipimo vyake vyote, ilibaki kwa timu. Nyumbani Sindano alipanda chuma chake cha zamani, na saa hakuitaka mkononi. Alisema inamfanya ahesabu badala ya kukanyaga. Kazi ya kupima ilikuwa ya Mjomba. Alisimama chini ya mlima na saa ya mbio aliyobaki nayo tangu enzi za ualimu wa michezo, na mlinzi wa tangi la maji huko juu alimjulisha pindi Sindano alipofika. Mjomba akaleta jibu karakana, Fundi akaandika. Hakuna aliyewahi kuihoji saa ya Mjomba. Fundi mwenyewe aliwahi kuilinganisha na redio, ikawa sawa.

"Panda mara moja tu," Fundi alimwambia mdogo wake. "Safari hii nakuja mwenyewe. Nataka kuona unachofanya pale kwenye kona ya kwanza."

"Akishuka chini ya dakika kumi na mbili," Kinyozi alitangaza, "najinyoa kipara, mchana kweupe, mbele ya wateja."

Ikawa hivyo. Saa tisa na nusu walikuwa chini ya mlima wote wanne. Sindano alimkabidhi Mjomba simu yake, Mjomba akabonyeza saa, na yule mwembamba akaondoka akiyumbisha mabega. Kwenye kona ya kwanza hakufanya kosa lolote. Alipita kama amevutwa kwa kamba, akapotea nyuma ya miti. Fundi hakuwa tena na cha kutazama isipokuwa mshale wa saa, kwa hiyo akautazama, shingo juu ya bega la Mjomba.

Dakika kumi. Kumi na moja. Kumi na moja na sekunde arobaini na mbili, simu ya Mjomba ikalia.

"Shikamoo, mzee wangu," sauti ya mlinzi ilisikika.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri tu. Mgongo umepungua?"

"Unaendelea vizuri. Na wewe goti?"

Mshale ulikuwa unatembea. Fundi alimvuta Mjomba shati.

"Mjomba! Bonyeza saa!"

Mjomba akaziba simu kwa kiganja, uso umemkunjamana. "Mwanangu, mtu anasalimia."

"Mama hajambo?" mlinzi aliendelea.

"Hajambo kabisa, anakusalimu. Enhe, lete habari."

"Ah, kijana ameshafika."

Mjomba akabonyeza. "Kumi na mbili na thelathini na moja," alisema kwa huzuni. "Afadhali ya asubuhi."

Fundi alikaa chini kando ya barabara, akashika kichwa, kisha akacheka mpaka machozi. "Mlinzi wa zamani alikuwa anakujulishaje, Mjomba?"

"Yule? Aligonga chuma kwa nyundo, basi. Hakuwa na adabu yule. Huyu wa sasa kalelewa vizuri."

"Na huyu alianza lini?"

Mjomba akafikiri. Mdomo wake ukafunguka taratibu, ukabaki hivyo. "Mwaka jana," alisema.

Kinyozi alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume. Fundi akamdaka kola. "Wewe umeona simu ikilia kwenye dakika ya ngapi?"

"Kumi na moja na arobaini na mbili," Kinyozi alinung'unika. "Lakini kilomita nne si kumi na tisa, Fundi. Huko juu kuna panzi wa kweli."

"Ni kweli. Atakwenda kuwaona mwenyewe. Habebi chupa ya mtu."

Sindano alishuka akitweta, wakamwambia wote kwa pamoja, akalazimika kuomba warudie. Aliposhika mambo hakucheka. Alimgeukia Mjomba.

"Mwaka mzima nimelala nikijiona mzee," alisema.

"Nisamehe, mpwa wangu," Mjomba alisema. "Mimi kumkatiza mtu salamu siwezi."

Na pale pale simu ya Sindano ikalia mfukoni mwa Mjomba. Saa kumi kamili. Mzee akaipokea kwa mazoea.

"Haloo! Habari za huko? Nyumbani wote wazima? Na kazi?"

Sindano alinyoosha mkono. Mjomba akamzuia kwa kidole: subiri, hatujafika kwenye watoto.

"Naomba, Mjomba." Akaitwaa simu taratibu. "Bosi, chupa mtafutie mtu mwingine. Mlimani naongoza mimi."

Kinyozi alikuwa anapapasa nywele zake, moja moja, kama anayeziaga.