Asante, Chiriku

Alichokiona kwanza kilikuwa taa. Mlio ulifuata baadaye. Ubavuni mwa mashine ya malipo palikuwa na kitone cha kijani, kidogo kama jicho la mjusi. Binti alikuwa anapangusa kaunta, duka likiwa tupu, saa ile ya mchana ambapo hata nzi hutafuta kivuli. Taa ikawaka. Ndipo mashine ikalia mlio wake mfupi, na maneno yakatokea kwenye kioo: Asante, Chiriku.

Chiriku alikuwa dada yake wa kulelewa pamoja, mtoto pekee wa shangazi yake. Walikuwa wamemzika mwezi uliopita.

Binti alisimama na kitambaa mkononi mpaka kioo kikazimika chenyewe. Hakumwambia mtu. Si kwamba alificha. Kusema kwake kulikuwa kazi ngumu kuliko kubeba magunia ya unga. Wateja walimwita Kimya, naye aliitika kwa kichwa.

Duka lao liliuza kitu kimoja tu, mkate, kwa bei moja tu. Shangazi alioka chumba cha nyuma, wasichana wawili wakauza mbele. Mashine ilipoletwa, fundi wake, kijana mrefu mwenye mikoba mingi, aliwakusanya akawaeleza. Kwa kuwa bei haibadiliki, ameitega isingoje kuandikiwa chochote: mteja akisogeza simu, inalia, mkate umelipiwa. Malipo madogo kama hayo hayaulizi namba ya siri. Lakini haisikii cha mbali. Simu lazima iwe karibu, upana wa vidole vinne, zaidi ya hapo ni kiziwi.

Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alisema basi hiyo mashine ni kama mchumba mwoga, mpaka asogelewe ndio aseme. Watu wote dukani walicheka, fundi akacheka kuliko wote.

Shangazi ndiye aliyekuwa na wasiwasi wa wezi. Fundi akamtuliza. Namba ya kweli ya akaunti haimo ndani ya simu, alisema. Imehifadhiwa mbali, kwenye kompyuta kubwa ambazo watu wa kazi yake huziita wingu. Simu hupewa namba za badala, na kila malipo yana namba yake. Ikitumika mara moja, imekufa.

"Mwizi akiiokota ameokota ganda la ndizi," alisema. "Hakuna wa kumwigiza mtu hapa, mama. Mashine ikisema ni fulani, ni fulani."

Maneno hayo shangazi aliyashika kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba.

Mara ya pili mashine ilipolia peke yake, shangazi alikuwa anatoka nyuma na sinia la mikate ya moto. Aliyaona yale maandishi. Sinia halikumponyoka. Aliliweka chini taratibu, akachagua mkate mmoja, ule ulioiva vizuri ukingoni, akaufunga kwa karatasi na kuuweka kwenye rafu ya juu.

"Amelipia," alisema. "Wa kwake huo."

Kesho yake alimwita fundi. Fundi akaifungua mashine, akaipuliza, akaiunga na simu yake na kusoma kwa muda mrefu huku amekunja uso. Mashine ni nzima, alisema. Na akaunti ya marehemu bado iko hai, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuifunga. Simu yake imevunjika, lakini akaunti haikai ndani ya simu. Akaomba ruhusa aifunge. Shangazi akamuuliza kama anakumbuka aliyowaambia siku ile, kwamba hakuna wa kumwigiza mtu. Fundi alikumbuka. Je, kuna mtu yeyote duniani anayeweza kuifanya mashine hii iandike jina la mwanangu, ila mwanangu? Fundi akajikuna shingo, akasema kwa jinsi ilivyotengenezwa, hapana.

"Basi funga mikoba yako, baba," alisema shangazi. "Usinifungie mtoto."

Tangu siku hiyo hakurudi nyumbani. Nyumba ilikuwa mtaa wa pili tu, lakini alijitandikia kirago nyuma ya kaunta, kichwa upande wa mashine. Dawa zake za presha zilibaki kwenye meza ya kitanda chake. Kimya akizileta, alizisukuma kando akasema baadaye. Chakula vilevile. Alikula mashine ilipolia tu: angeuteremsha mkate wa rafuni, akaugawa vipande viwili, akala kimoja na kukiacha kingine. Miguu ikaanza kumvimba hadi viatu vikamkataa. Majirani walipomshauri akapumzike kwake aliwauliza swali moja, naye aliliuliza kwa upole kabisa: akija asinikute?

Wateja nao wakaanza kuiogopa kaunta. Mshona viatu wa jirani, aliyekuwa hodari wa utani, sasa alitoa sarafu kutoka mbali kama anayemlisha mbwa asiyemjua. Wengine walipita bila kugeuza shingo.

Kimya aligundua mambo kwa vidole. Aproni aliyokuwa anavaa ilikuwa ya Chiriku. Shangazi alimpa baada ya mazishi kwa kuwa ya kwake ilikuwa imechanika. Siku moja alipokuwa anaikung'uta unga, akasikia kitu kigumu ndani ya pindo la mfuko wa kushoto. Kilikuwa duara, kama kifungo. Uzi uliokishonea pale ulikwenda upogo, na ushonaji wa upogo katika nyumba ile ulikuwa wa mtu mmoja.

Akakumbuka. Fundi alikuwa amempa Chiriku kidude fulani cha kulipia, badala ya simu, kwa sababu alikuwa anasahau simu kila mahali. Kidude hicho kiliungwa na akaunti yake ileile. Chiriku alisema hiki sasa nitakishona mwilini, na wote wakadhani anatania.

Alisubiri shangazi arudi nyuma kwenye tanuri. Akasogeza pindo la aproni kwenye mashine. Taa ikawaka, mlio, Asante, Chiriku. Akapumua. Kumbe ni yeye. Kila alipoegemea kaunta kupangusa, ni yeye aliyekuwa anamwita marehemu bila kujua. Hofu ya wiki nzima ikamtoka kama maji ya ndoo iliyopinduliwa.

Lakini kule nyuma alisikia shangazi akiacha kazi. Mara huyo akatoka mbio, unga mpaka viwikoni, uso umenawiri kama wa msichana.

"Amekuja?"

Kimya alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo, yamepangwa tayari. Badala yake alitikisa kichwa kukubali, na shangazi akateremsha mkate, akala.

Huo ndio uliokuwa mtego. Akinyamaza, shangazi anangoja. Akisema, shangazi anamzika mtoto mara ya pili. Basi ikawa kila akiona shangazi ameshinda bila kutia kitu mdomoni, anapita karibu na kaunta, anainamisha nyonga kidogo. Mashine inalia. Shangazi anakula. Alidhani anamlisha. Kumbe kila mlio ulikuwa msumari mmoja zaidi wa kumgongomea shangazi pale kwenye kirago.

Siku shangazi alipoanguka, ilikuwa asubuhi, wateja wawili wakiwa mlangoni. Alikuwa anainua sinia, macho yakampinduka, akaketi sakafuni polepole kama gunia linalovuja. Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja na kipimo chake, akakisoma mara mbili, akamvuta Kimya pembeni. Presha imepanda vibaya, alisema. Ameze dawa leo na alale kitandani leo. Akikaa hapa siku nyingine kama hizi, mtazika tena. Shangazi alisikia yote, akasema asante, ila haondoki.

Kimya akapiga moyo konde. Alichukua kisu cha mkate, akafumua uzi wa upogo, akakitoa kile kidude na kukiweka kwenye kiganja cha shangazi. Kisha akamtumia fundi ujumbe aje, kwa sababu alijua fundi ataeleza na yeye hataweza.

Fundi alifika akihema. Shangazi alimnyooshea kiganja. Fundi akakitambua mara moja, akacheka kwa nafuu, akampiga Kimya bega: kumbe mchawi wetu ndiye huyu. Akamweleza shangazi taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba kidude kilikuwa ndani ya aproni, aproni ikisogea karibu na mashine inalia, hakuna zaidi. Ili amwonyeshe, akakisogeza kwenye mashine.

Hakuna mlio.

Akakigeuza upande wa pili. Akakibandika kabisa kwenye kioo. Mashine haikuwaka hata taa. Akatoa chombo chake cha kupimia mkobani, akakigusisha, akakiangalia kidude kwa jicho moja kwenye mwanga wa mlango. Kicheko kilimwisha.

"Aproni hii mnaifuaje?" aliuliza.

Shangazi alisema anaichemsha. Zote anazichemsha kwa magadi kila wiki, bila hivyo unga hautoki. Na hii aliichemsha pia siku ya mazishi, kabla hajampa huyu mtoto.

Fundi alikaa juu ya debe. Akasema kitu hiki kimeungua. Ndani mna uzi mwembamba kuliko unywele, umekatika, tena si jana wala juzi, kutu imeshaingia. Hiki hakijalia tangu kilipotoka kwenye sufuria ya kwanza. Ni kifungo tu.

Kimya aliangalia nyonga yake, mahali pale ambapo pindo lilikuwa limefumuliwa. Alikumbuka kila alipopita karibu na kaunta, na jinsi mashine ilivyoitika, kila mara, bila kukosa. Upana wa vidole vinne. Kama haikuwa kidude, basi kulikuwa na kitu kingine kilichosogea naye, kikapita anapopita, kikainama alipoinama.

Fundi alikuwa anafunga mikoba kwa haraka. Alisema ataifunga akaunti hukohuko ofisini, mama akubali tu kwa neno moja. Kidude kilikuwa mkononi mwake. Kimya alikuwa mlangoni, shangazi kwenye kirago. Karibu na kaunta hapakuwa na mtu.

Taa ikawaka. Mashine ikalia.

Hakuna aliyesogea kwenda kusoma, lakini maandishi yalionekana kutoka pale walipokuwa. Fundi alisema atarudi kesho. Alisahau mkoba mmoja, na hakuufuata.

Shangazi alikuwa anatabasamu machozi yakimtoka. Alijivuta, akaegemeza mgongo ukutani, akautazama ule mkate wa rafuni.

"Unaona, mwanangu?" alimwambia Kimya. "Nikiondoka sasa, nitakuwa mama wa namna gani?"

Mchana ulikuwa mweupe nje, na barabarani mtu alikuwa anaita bei ya nyanya. Kimya alimtazama shangazi miguu, iliyovimba ikang'aa. Akaiangalia mashine, na nafasi tupu mbele yake, ambayo sasa haikuonekana tupu. Aliogopa. Lakini aligundua kwamba hakuogopa kilichosimama pale. Kama ni Chiriku, hakuwahi kumdhuru alipokuwa hai. Alichofanya siku zote ni kumsemea pale yeye alipokwama. Alichokiogopa ni shangazi kufia kwenye kirago kile.

Aliuteremsha mkate, akaukumbatia kwapani. Akamwinamia yule mwanamke aliyempokea akiwa na umri wa kubebwa, aliyemwosha, aliyemkeshea alipougua, na ambaye miaka yote alimwita shangazi, kwa sababu kulikuwa na mwenye haki ya lile jina jingine, naye hakutaka kumnyang'anya. Mara nyingi lilimfika kwenye ncha ya ulimi, jikoni, gizani, kwenye homa, akalimeza. Akampitishia mkono chini ya bega.

"Mama," alisema, "twende nyumbani. Dada njia anaijua."