Rehani Namba Sita

Nina aina tisa za rehani, zote kwenye makopo ya rangi nyuma ya nyumba. Mimi ni fundi saa. Mambo ya mimea nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kuharibu. Kila aina ina namba. Mwezi mzima, kabla ya chai ya asubuhi, mimi, mke wangu na jirani yetu mshonaji tulinusa jani mojamoja na kutoa alama, tukinawa mikono kila baada ya jani ili harufu zisichanganyike.

Namba Sita ilishika mkia kila mara. Mshonaji alisema inanuka kama duka la dawa. Mke wangu aliipa mbili kati ya kumi. Mimi sikutaka kuihukumu mapema. Mbegu zake nilipewa na mteja mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu, na sijaiona aina hiyo kwingine. Katika mbegu thelathini ziliota mbili, na mche mmoja ukaoza mizizi. Uliobaki ulipotoa maua niliuvika kifuko cha chandarua, kama wenzake, nyuki wasije kuzichanganya mbegu. Nikasubiri.

Hapo ndipo mke wangu alipofanyiwa upasuaji, na dada yake mkubwa akaja kutuuguzia. Nilimkabidhi jiko, funguo na kazi ya kumwagilia makopo. Kuhusu vifuko sikumwambia neno. Kosa hilo ni langu.

Siku ya nne nilirudi kutoka kazini nikakuta vifuko vyote vimefuliwa na kuanikwa kambani. Mirehani ilikuwa imenyolewa. Namba Sita, iliyokuwa dhaifu tangu mwanzo, ilibaki kijiti kisicho hata na jani.

"Shemeji, uliitesa hii mimea," alisema akifuta mikono. "Umeivisha soksi kichwani, inatoa maua tu, majani yamekuwa machungu! Nimekukatia yote."

Nilikaa juu ya ndoo.

"Mbona umekaa? Nimekata vibaya?"

"Umekata vizuri sana, kwa mpishi. Mimi nilikuwa nasubiri mbegu." Nikamweleza habari za Namba Sita.

Akashika kiuno. "Jamani! Na wewe mdomo uliuacha dukani? Si ungesema!"

"Ulivyokata viko wapi?"

"Vimeingia chunguni. Isipokuwa alivyochagua mgonjwa."

Tulikwenda chumbani. Kwenye meza ya dawa palikuwa na glasi ya maji yenye vitawi vitatu. Nilisugua jani moja, nikanusa. Duka la dawa.

"Usiniondolee," mke wangu alisema bila kufumbua macho. "Dada aliniletea zote ninuse. Zile nyingine zinanitia kichefuchefu. Hii ndiyo inayonifanya nile."

"Uliipa mbili."

"Nilikuwa mzima."

Niliondoa maua na kuacha majani machache, huenda vitawi vikatoa mizizi, nikairudisha glasi pale pale karibu na mto wake. Maji tuliyabadilisha kila siku. Shemeji ndiye aliyekuwa akiinua glasi dirishani kila asubuhi, akikodoa macho kama mimi ninapotazama ndani ya saa. Siku ya tisa alipiga kelele mpaka mshonaji akaja mbio.

"Shemeji, njoo! Imeota ndevu!"

Ilikuwa mizizi, myeupe, mirefu kama ukucha, kwenye vitawi vyote vitatu. Kijiti cha kwenye kopo hakikuchipua tena.

Mke wangu alipoanza kutembea hadi jikoni mwenyewe, dada yake alifunga mizigo. Mche mmoja nilikuwa nimempa mshonaji, mmoja nimeubakiza. Wa tatu nilimpa yeye.

"Unaniamini na mkasi wangu?"

"Umenirudishia Namba Sita, na umenirudishia mke wangu mezani. Asante, shemeji."

Safari hii nilimweleza kila kitu: maji kiasi gani, jua la saa ngapi, kifuko kifungwe lini, mbegu zichumwe zikiwa na rangi gani. Niliongea mpaka dereva wa teksi akapiga honi mara mbili.

"Haya, inatosha," alisema, amelikumbatia kopo. "Leo umeongea kuliko siku ya harusi yako."