Mkebe wa Biskuti

Mama yangu anakanda watu. Ndiyo kazi yake tangu sijazaliwa: viuno vilivyokaza, shingo za madereva, vifundo vya wachezaji mpira. Mikono yake ina nguvu kuliko yangu, na mimi nachomelea mageti ya chuma. Basi alipotuma habari kwamba anakuja kukaa nasi wiki tatu ili mkwewe apumzike, nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilipiga magoti, nikausukuma mkebe wa biskuti chini ya kitanda hadi ukutani, nyuma ya viatu vyangu vya kazini.

Ndani ya mkebe mlikuwa na sindano za mke wangu.

Tulishapoteza mimba mbili. Baada ya ile ya pili, daktari mmoja, mwanamke mfupi asiyecheka, alimpima damu mara tatu, kisha akatuita. Alisema damu ya mke wangu inaganda ovyo. Kile kitu cha kuizuia isigande anacho kidogo tangu kuzaliwa. Upungufu huo kaurithi kwa baba yake. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini mzee yule, akiwa na miaka thelathini na tisa tu, alilalamika mguu siku mbili, na ya tatu akaanguka akifunga kamba za viatu. Mimba ya tatu ikiingia, daktari alisema, ni sindano moja kila siku kwenye ngozi ya tumbo, hadi ajifungue na wiki kadhaa baadaye.

"Na mguu mmoja ukivimba," akasema, akinitazama mimi, "usikandwe, usisuguliwe, msingoje. Njooni."

Ilipoingia, mchomaji nilikuwa mimi. Nilijisikia.

"Tulia, huu mkono wa fundi."

"Fundi mageti," mke wangu alinijibu. "Usije ukaniwekea bawaba."

Tulicheka. Lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na madirisha pia.

Sababu ilikuwa neno langu mwenyewe. Kabla ya ndoa, mama aliniuliza mbele ya ukoo mzima kama upande wa binti kuna ugonjwa wa kurithi. Mimi babu yake binti hata jina sikulijua. Nikajibu kifua mbele: "Mama, kwao wazima kama chuma. Mimi nachagua bati kwa kuligonga kwa kidole tu, nitashindwa kuchagua mke?" Sebule nzima ilicheka, mjomba akapiga makofi. Kila nilipotaka kumwambia mama ukweli, niliyasikia makofi yale.

"Watu wakiuliza, sema vitamini," nilimwambia mke wangu. "Na ikiwezekana, wasiulize."

Aliufunga mkebe. "Unanionea aibu?"

"Siyo wewe."

"Nani sasa?"

Nikachukua kofia yangu nikaenda kazini.

Mama alifika Jumanne mchana, mke wangu akiwa na miezi saba. Akanihamishia kwenye kochi, yeye akalala na mkwewe. Siku hiyo tuliwahi kuchoma bafuni, bomba likiwa wazi ili maji yapige kelele. Jumatano mama hakutoka chumbani hata kidogo. Mke wangu alininong'oneza jikoni, "Sindano." Nikasema kesho. Alhamisi wakaja wageni wa mama, wakajaa mpaka chumbani. "Kesho asubuhi, kabla sijatoka," nikasema. Ijumaa asubuhi nikamkuta mama ameshaamka, amekaa kitandani anamsuka mkwewe, mkebe uko chini yao. Mke wangu alinitazama kupitia kioo. Niliaga nikaondoka.

Saa sita mchana nilirudi nyumbani kufuata futi ya kupimia niliyoisahau.

"Afadhali umekuja, bwana mkubwa!" mama aliita. "Njoo uone mguu wa mkeo, umejaa kama gunia. Na wewe uko huko unachoma vyuma."

Alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mguu wa kushoto wa mke wangu mapajani mwake, unang'aa mafuta. Wa kulia ulikuwa mguu. Huu wa kushoto ulikuwa kitu kingine, umenenepa toka kifundoni hadi gotini, ngozi imevutika.

"Mama, mwache apumzike."

"Apumzike na mguu huu? Tangu lini Cheche kawa mganga?" Cheche ndilo jina langu la karakanani, na mama hulitumia akitaka kunikejeli. "Miguu nimeikanda wewe hujajua kutambaa."

Vidole gumba vyake vikazama, vikapanda. Mke wangu aliuma ncha ya shuka. Nilimwomba afiche, naye alikuwa anaficha huku mguu wake uko mikononi mwa mama yangu, na macho yake yako kwangu.

Vidole vilipanda mara nne. Nilihesabu. Mara nne nimesimama mlangoni, futi mkononi, natafuta uongo mwingine. Nikaupata.

"Mafuta hayo yanamchubua ngozi."

"Mafuta ya watoto wachanga?" Mama akacheka. Vidole vikapanda mara ya tano.

"Mama," mke wangu akasema, mkono kifuani. "Siwezi... pumzi."

Ndipo nikapiga kelele. Niliuvuta mkebe kutoka chini ya kitanda kwa nguvu hadi kifuniko kikatoka, sindano zikamwagika sakafuni. "Damu yake inaganda! Kairithi kwa baba yake! Mguu ulikatazwa kukandwa!"

Mama aliinua mikono yote miwili juu, kama aliyegusa chuma changu kikiwa bado chekundu. Mafuta yalimchuruzika hadi viwikoni.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mimba ya pili ilipotoka."

"Na ukaniacha nishike?"

Tulimbeba hadi kwenye teksi.

Hospitali, daktari mfupi aliutazama mguu, akayanusa yale mafuta. "Nani kaukanda?"

"Mimi," mama alisema. "Kwa mikono yangu hii."

"Hamkuambiwa?"

Mama akanyamaza. Alinikinga, mbele ya wauguzi wawili na wagonjwa wa korido nzima. Ningenyamaza na mimi, yangeishia hapo.

"Hakuambiwa," nikasema. "Nilimficha. Na siku tatu hajachomwa, kwa sababu yangu."

Nilitamani daktari anitukane. Aliandika tu, kisha akanipa mgongo.

Donge lilikuwa mguuni, na kipande kidogo kilishapanda kwenye pafu. Walimwekea hewa, wakamwongezea dawa. Moyo wa mtoto tuliusikia kwenye mashine, unakimbia kama cherehani. Mama alilia kwa sauti. Mimi nilikwenda kusimama dirishani nikitazama maegesho.

Siku ya sita muuguzi alikuja na sindano za kwenda nazo nyumbani, sasa mbili kwa siku. "Nani atakuwa anamchoma?"

Nilianza kukunja mikono ya shati.

"Mama," mke wangu alisema, bila kunitazama.

Mama aliitazama mikono yake. "Mimi, mwanangu? Baada ya yote?"

"Wewe hukujua, mama."

Alijifunza palepale, anabana ngozi, mkwewe anamwelekeza. Kazi yangu ikawa kushika ule mkebe wa biskuti, sasa wa kutupia sindano zilizotumika.

Siku hizi mkebe unakaa sebuleni, karibu na redio, kila aingiaye auone. Ndivyo alivyotaka mke wangu. Jumapili alikuja mjomba, yule wa makofi. Akakaa, akaugonga kwa kidole. "Biskuti za mgeni hizi?"

Mama alikuwa chumbani na mkwewe, mlango wazi.

Nikamwambia. Damu, baba mkwe na kamba zake za viatu, sindano, siku tatu, vidole vya mama mara tano. Mjomba aliuondoa mkono wake juu ya mkebe, akauweka gotini.

"Hujamaliza," mke wangu alisema kutoka chumbani. "Na mtoto?"

Nilitazama sakafu. "Mtoto naye anaweza kuurithi ugonjwa huu, mjomba. Nusu kwa nusu. Tutampima."

Mjomba hakucheka. Chumbani nikasikia mama akimwambia mkwewe avute shuka, saa ya sindano imefika. Sikuitwa. Nikachukua mkebe, nikakifungua kifuniko, nikaenda kusimama mlangoni kungoja.